Faili la Kufunguliwa Miaka 50 Ijayo

Nyaraka nyingi za vijiji vya Kasulu na Kibondo huzaliwa steshenari. Mtendaji anaandika muhtasari wa kikao kwa mkono, anaupeleka mjini, kijana wa steshenari anauchapa, anaprinti nakala mbili tatu, mhuri unagongwa, kazi imekwisha. Faili lenyewe linabaki kwenye kompyuta ya mwenye duka, katikati ya kadi za harusi na barua za kuomba kazi, mpaka siku Windows itakapowekwa upya na kila kitu kufutwa. Wapo wanaoondoka na faili hilo kwenye flashi au WhatsApp, nao wanaamini wamehifadhi.

Mwongozo huu ni wako wewe mtendaji, na wako katibu wa ushirika au wa parokia, mwalimu mkuu, na mzazi mwenye vyeti vya familia. Nataka ushike jambo moja. Faili la kudumu hutengenezwa siku ileile waraka unapokamilika, kwenye kompyuta ileile iliyouandika. Ukingoja miaka kumi, programu iliyouandika itakuwa imebadilika, fonti zake hazitakuwepo, na aliyejua yaliyomo atakuwa amehamishiwa Uvinza.

Kwenye nyanda hizi za juu za Kigoma jambo hili lina uzito wake. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka vijijini, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaweka utaratibu wa kuviandikisha vijiji hivyo. Nani alipewa shamba wapi, na kwa kikao gani, ni swali linaloendelea kuulizwa mbele ya mabaraza ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikaja na hakimiliki za kimila na masjala ya ardhi ya kijiji. Mwaka 2012 mipaka ikabadilika: Kakonko ikatoka Kibondo, Buhigwe ikatoka Kasulu. Ongeza wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, ilipowapokea Wakongo. Warundi waliokimbia mwaka 2015 wakajaa humo, kisha kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021. Kambi ikifungwa, ofisi zake zinaondoka, ila mtoto aliyezaliwa na kusoma pale bado atahitaji kuonyesha cheti.

Kama unadhani mafaili hayazeeki, angalia kilichotokea hapa hapa Tanzania. Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Matini yaliyoandikwa kwa OpenOffice ya kizazi hicho yalihifadhiwa kwa mkia wa .sxw. Kufikia Oktoba 2005 toleo jipya la OpenOffice lilikuwa limehamia .odt. Leo mpe mtu faili la .sxw alifungue kwa Word, atakwambia limeharibika. Halijaharibika. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, bado inalifungua. Ila ni wangapi watajua hivyo, na watalijua kwa muda gani?

Jibu ambalo taasisi za kumbukumbu duniani zimekubaliana kwa nyaraka za kusomwa ni PDF/A. PDF ya kawaida ilitengenezwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993. Mwaka 2005 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 19005 kinachoeleza PDF ya kutunzwa muda mrefu, nayo ndiyo PDF/A. Tofauti yake haionekani kwa macho, kwani jina la faili bado huishia na .pdf. Tofauti iko kwenye masharti. Faili la PDF/A hubeba ndani yake kila kinachohitajika kulionyesha: fonti zote zilizotumika, maelezo ya rangi, na taarifa za waraka wenyewe. Haliruhusiwi kuwa na nywila, video, sauti, wala vijiprogramu vinavyojiendesha. Halitegemei intaneti wala faili jingine. Ni kama msafiri wa kutoka Kibondo kwenda Dar es Salaam aliyefunga chakula chake: njiani hamtegemei mtu.

Suala la fonti wengi hulidharau. Ukiandika barua kwa fonti ya urembo ambayo kompyuta ya halmashauri haina, kompyuta hiyo itaweka fonti nyingine bila kukuuliza. Mistari inaruka, jedwali linavunjika, na saini iliyokuwa ukurasa wa kwanza inakwenda kujikalisha peke yake ukurasa wa pili. Vyeti vya Kongo na Burundi vyenye herufi za Kifaransa zilizowekewa alama juu huweza kutoka na vijisanduku vitupu mahali pa jina la mtu. PDF/A inaziba mlango huo.

Matoleo yapo kadhaa: la kwanza la mwaka 2005, la pili la 2011, la tatu la 2012, la nne la 2020. Kila toleo lina ngazi zake, zinazotajwa kwa herufi ndogo. Usijisumbue sana, chagua PDF/A-2b. Sababu ni ya vitendo. Ofisi nyingi huweka picha ya mhuri au nembo juu ya maandishi, picha ambayo usuli wake unapitisha mwanga. Toleo la kwanza haliruhusu vitu vinavyopitisha mwanga, hivyo programu hulazimika kuvigandisha, na kingo za mhuri zinaweza kubadilika. La pili linaviruhusu. La tatu linakubali kupachikwa faili la aina yoyote ndani yake, na kwa ofisi ndogo huo ni mwanya wa kuingiza ndani ya waraka kitu ambacho kesho hakitafunguka.

Sasa kazi yenyewe. Kama waraka uko kwenye Word, nenda «File», kisha «Save As», chagua aina ya PDF, na kabla ya kuhifadhi bonyeza «Options». Chini ya dirisha dogo litakalofunguka kuna kisanduku chenye maandishi PDF/A. Kwenye matoleo ya zamani kimeandikwa ISO 19005-1. Kitie alama, kisha hifadhi. Word haitakupa nafasi ya kuchagua toleo, litakalotoka litafaa. Usitumie njia ya kuprinti kwenda PDF, maana njia hiyo mara nyingi haikupi kisanduku hicho na hupoteza vichwa vya habari na viungo vya ndani. Kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, nenda «File», «Export As», «Export as PDF». Kwenye ukurasa wa kwanza wa dirisha hilo tafuta neno «Archival» au «Archive», tia alama, chagua PDF/A-2b.

Kabla ya hapo, fanya mambo mawili. Kwanza, maliza masahihisho. Waraka wenye maoni ya pembeni na mistari myekundu ya marekebisho si waraka uliokamilika, na miaka 30 ijayo hakuna atakayejua ni sentensi ipi kikao kiliipitisha. Pili, jaza taarifa za waraka. Kwenye «Properties» andika jina kamili la waraka, ofisi iliyoutoa na maneno ya kuutafutia. Taarifa hizi zinaingia ndani ya faili na kusafiri nalo popote. Ukiziacha, mara nyingi jina la mwandishi litakuwa la yule aliyesajili kompyuta ya steshenari.

Ukishamaliza, fungua faili jipya na ulisome lote. Si kulitazama juu juu. Linganisha majina, tarehe, namba za viwanja na idadi ya kurasa na waraka wa awali. Kwa wenye nyaraka nyingi ipo programu ya bure iitwayo veraPDF, iliyotengenezwa kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, inayokagua kama faili limetimiza masharti ya kiwango. Inahitaji Java kwenye kompyuta, na ikishawekwa inafanya kazi bila mtandao. Halmashauri ya wilaya ingefaa iwe nayo. Mtendaji wa kijiji anaweza kuishi bila hiyo, mradi anasoma faili lake kwa makini.

Faili la awali usilifute. Tunza .docx au .odt kando ya PDF/A, kwa sababu siku moja mtu atataka kunakili jedwali au kusahihisha ramani. Karatasi yenye mhuri na saini ya wino pia usiitupe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini kwenye mgogoro wa shamba karatasi yenye wino bado ina sauti kubwa, na faili linakuja kuithibitisha na kuiokoa mchwa wakiila.

Kwa karatasi zilizopo tayari, yaani madaftari ya vikao, rejesta za shule, vitabu vya ubatizo na hakimiliki za kimila, kazi inaanzia kwenye kuskani. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, hata kama karatasi ni nyeusi na nyeupe. Rangi ndiyo inayotofautisha wino wa bluu wa saini na kopi. Huna mashine? Simu inaweza. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 ni vitone 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7, hivyo kamera ya megapikseli 12 inatosha ikiwa ukurasa umejaza picha yote. Laza karatasi mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, simu iwe sambamba na meza. Piga kwa kamera ya kawaida. Programu nyingi za simu zinazojiita skana huipunguza picha, husafisha usuli na kufuta mhuri uliofifia. Na usiitume picha hiyo kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana. Itume kama dokumenti, au tumia waya.

Hapa nikae kidogo, maana kuna hatari isiyojulikana sana. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Namba 6 ilitoka ikiwa 8 kwenye jedwali la gharama, namba za kwenye ramani ya jengo nazo zikabadilika, na ukurasa ulionekana safi kabisa. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana iitwayo JBIG2: mashine ikiona alama mbili zinafanana, huhifadhi moja na kuipachika mahali pa nyingine. Kampuni ilitoa marekebisho. Lakini mbinu hiyo bado ipo duniani, na PDF/A haiikatazi. Faili linaweza kutimiza kila sharti la ISO na bado likasema shamba ni ekari 8 wakati karatasi inasema 6. Kwa hiyo, kwenye mipangilio ya mashine epuka kila kinachoitwa ubanaji mkubwa, chagua ubora wa juu, na baada ya kuskani hakiki namba kwa namba. Mmoja asome karatasi kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye skrini. Inachosha, najua. Hakuna kompyuta itakayowafanyia kazi hiyo.

Picha za ukurasa peke yake hazitafutiki kwa maneno. Kama ofisi ina kijana anayejua kompyuta, mwambie atafute OCRmyPDF, programu ya bure inayochukua skani, kusoma maandishi yake kwa msaada wa programu ya Tesseract na kutoa PDF/A yenyewe bila kuombwa. Tesseract inasoma Kiswahili. Lugha yake huitwa swa kwenye mipangilio. Maandishi ya taipu na ya kompyuta inayasoma vizuri. Mwandiko wa mkono wa karani wa miaka ya 1970 haiuwezi, na huo mtaendelea kuusoma kwa macho na kuandika faharasa kwa mkono: tarehe ya kikao, ajenda, ukurasa.

Majedwali ya Excel yana tabia zao. Ukigeuza rejesta ya wanachama kuwa PDF/A bila maandalizi, safu za kulia zinakatika na kuhamia kurasa za mwisho, mbali na majina. Weka ukurasa ulale, bana upana uingie kwenye ukurasa mmoja, rudia vichwa vya safu kila ukurasa. Hata hivyo PDF/A inaonyesha jibu tu, haitunzi fomula. Hivyo hifadhi vitu vitatu: PDF/A ya kusoma, faili lenyewe la .xlsx au .ods, na nakala ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato na husomwa na programu yoyote. Kabla ya kutoa CSV, geuza tarehe ziandikwe mwaka kwanza, mfano 2024-04-03. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani itaisoma 03/04 kuwa Machi 4, nawe ulimaanisha Aprili 3.

Jina la faili lijieleze bila kufunguliwa. «Muhtasari final mpya 2» halimsaidii mtu. Andika tarehe, aina ya waraka, kijiji, wilaya, kwa mpangilio uleule kila siku, bila nafasi tupu wala alama za ajabu: 2011-06-14_muhtasari_mkutano-mkuu_kijiji_kibondo. Na hapo pa wilaya pana mtego wa kwetu. Waraka wa mwaka 2011 wa kijiji ambacho sasa kiko Kakonko una mhuri wa Wilaya ya Kibondo. Usiurekebishe. Tunza jina la wilaya lililokuwepo waraka ulipotolewa, kisha kwenye maneno ya kutafutia ongeza wilaya ya sasa. Ndivyo ilivyo kwa Buhigwe na Kasulu. Majina ya watu pia yaache yalivyoandikwa, hata kama karani aliandika jina la Kiha kwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja. Tahajia unayodhani ni sahihi iweke kwenye maelezo, sio kwenye waraka.

Baada ya hapo kuna ulinzi. Kila faili la kompyuta linaweza kupigiwa hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, unaoitwa SHA-256. Likibadilika hata nukta moja, mfuatano unabadilika wote. Kwenye Windows fungua «Command Prompt», andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Mfuatano uutunze kwenye orodha iliyoprintiwa na kugongwa mhuri. Mwaka ujao ukirudia hesabu na kupata mfuatano uleule, unajua hakuna aliyegusa faili wala diski haijaoza. Kwa hati za ardhi, jambo hili lina thamani kuliko nywila yoyote.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, moja ikae mbali. Mbali maana yake si chumba cha pili cha ofisi ileile. Radi moja ya masika inaunguza kompyuta zote zilizo kwenye waya mmoja. Nakala ya Kibondo ikae Kasulu au Kigoma Mjini, kwa makubaliano ya maandishi. Flashi ni ya kubebea, sio ya kutunzia. Ikikaa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza kilichomo, na sokoni zimejaa flashi bandia zinazodanganya ujazo wake. Nunua diski ya nje, ifunge kwenye mfuko usiopitisha vumbi letu jekundu, iwashe angalau mara moja kwa mwaka, na uihamishie mafaili yake kwenye diski mpya kabla haijachoka.

Kuhusu nyaraka za watu binafsi, tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, inamgusa kila anayekusanya na kutunza taarifa za watu. Orodha ya wagonjwa, faili la mtoto, maombi ya hifadhi ya mkimbizi wa Nduta, hivyo si vitu vya kuwekwa kwenye kompyuta ya steshenari wala kwenye kundi la WhatsApp. Kwa kuwa PDF/A haina nywila, diski yenyewe ifungwe kwa nywila, na kabati liwe na kufuli. Kwa mkimbizi anayejiandaa kurudi Burundi au kuhamia nchi ya tatu, vyeti vya shule na vya kuzaliwa viskaniwe mbele yake, akabidhiwe nakala, na nyingine itumwe kwa ndugu anayemwamini.

Kwa ofisi za umma mwenye neno la mwisho ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2002. Hakuna ruhusa ya kuteketeza kumbukumbu za serikali eti kwa sababu zimeskaniwa. Ukiwa na shaka, muulize mtunza kumbukumbu wa halmashauri kabla ya kuwasha moto.

Na kama muda ulionao ni wa mchana mmoja tu, anza na mafaili ya Publisher, yale yanayoishia na .pub. Steshenari zetu zimeyatumia miaka mingi kwa vyeti, vitambulisho na mabango, na Microsoft imetangaza kwamba usaidizi wa programu hiyo unakoma Oktoba 2026. LibreOffice hujaribu kuyafungua, lakini mara nyingi mpangilio unayumba. Nenda kwa mwenye kompyuta iliyoyatengeneza, mlipe ada yake, mkae pamoja, mtoe PDF ndani ya Publisher yenyewe wakati bado ipo.